Kufufua ufukwe wa Tanga: mfereji kwanza, zege baadaye

Mwongozo huu ni wa kamati za mitaa, maofisa wa halmashauri, wavuvi na wafanyabiashara wanaotaka kipande cha ufukwe wa Jiji la Tanga kirudi kuwa mahali pa watu kukaa, kufanya kazi na kupunga upepo. Mipango mingi ya aina hii huanza na mchoro wa rangi: vigae, taa, sanamu, jina la mji kwa herufi kubwa za chuma. Ikipita misimu miwili ya masika, vigae vimeinuka, taa zimezimika, na maji machafu yanatoka palepale yalipokuwa yakitoka. Fedha iliwekwa juu wakati tatizo liko chini. Utaratibu tunaoueleza hapa unaanzia chini: maji, kisha watu waliopo, kisha kivuli, na zege mwisho kabisa, tena kidogo.

Kipande kimoja, na wenye nacho

Kwa awamu ya kwanza chukueni urefu wa mita 300 hadi 500, msizidishe. Huo ni mwendo wa dakika tano kwa miguu, mlinzi mmoja anauona wote, na watu wanane wenye fagio na toroli wanaumaliza kabla jua halijawa kali. Mkichukua kilomita tatu kwa mpigo, fedha hutawanyika na hakuna sehemu hata moja inayokamilika.

Ufukwe wa Tanga hauna sura moja. Upande wa Bombo na Bustani ya Jamhuri mji umekaa juu ya jabali la matumbawe na bahari iko chini. Raskazone ni kwa kuogelea na vyombo vya starehe. Deep Sea na Sahare ni madiko (sehemu za wavuvi kushushia samaki), watu wanakula kwa jasho hapo. Kuna mikoko, na kuna bandari yenyewe ambayo imechimbwa kina hadi mita 13 ili meli zifunge gatini badala ya kushusha shehena kwa matishari katikati ya ghuba. Msichanganye: kinachofaa juu ya jabali kitaua diko, na kinachofaa dikoni hakina maana Raskazone.

Kabla ya kuchora chochote, jueni ardhi ni ya nani. Eneo la bandari liko chini ya Mamlaka ya Bandari (TPA). Barabara nyingi za mji na mifereji yake ni za Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Mabomba ya majisafi na majitaka ni ya mamlaka ya maji, Tanga UWASA. Bustani na maeneo ya wazi kwa kawaida ni ya halmashauri, mikoko ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na majengo ya kale yana Idara ya Mambo ya Kale nyuma yake. Kila taasisi ipelekeeni barua moja yenye ramani na viwianishi vya kona za eneo (simu yenye GPS inatosha kwa hatua hii), mkiuliza mambo mawili tu: chini ya ardhi hii kuna nini chenu, na mnaruhusu nini juu yake? Dai majibu kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo hudumu mpaka ofisa aliyeitoa ahamishwe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Watu wengi huisikia kama kizuizi. Kwa mradi kama huu ni ulinzi. Inamaanisha ukanda wa mbele unabaki wa njia, miti, viti, vyombo vya wavuvi na vibanda vinavyohamishika, na hakuna mwenye fedha atakayeweka ukuta wa hoteli kati ya watu na bahari. Andikieni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) mapema muulize kama kazi yenu inahitaji tathmini kamili ya athari kwa mazingira. Kusafisha, kupanda miti na kutengeneza mfereji uliopo ni jambo moja. Kujaza bahari au kujenga ukuta mpya ni jambo jingine kabisa.

Halafu kuna kalenda ya fedha. Mwaka wa serikali unaanza 1 Julai, na bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Wazo lipite mkutano mkuu wa mtaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla mwaka wa kalenda haujaisha. Likichelewa, hata kama diwani analipenda, litasubiri zamu nyingine.

Maji yanayopanda, maji yanayoshuka

Mgeni akija mchana wa maji mafu (siku maji yanapopanda na kushuka kidogo) ataona ufukwe mpana na kudhani ndio huo. Tanga maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua (siku za maji makubwa, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama) tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Bamvua kubwa za karibu na Machi na Septemba hukaribia mita 4. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiufundi haihitaji mhandisi. Siku ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, saa ya maji kujaa, tumeni vijana watano kwenye vituo vya mita 50 hadi 100, kila mmoja na brashi na chokaa au rangi ya mafuta. Wapige mstari pale maji yalipoishia, kwenye ukuta, jiwe au mti. Rudieni kwenye bamvua mbili zaidi, moja ikiwa wakati wa kusi kali. Mistari hiyo ndiyo ramani yenu. Hakuna taa, kibanda, choo wala mzizi wa mti wa kivuli utakaowekwa chini yake, na sakafu ya chochote cha kudumu iwe walau sentimita 60 juu ya mstari wa juu kabisa.

Sasa mfereji. Nendeni kwenye mdomo wake mwezi Januari au Februari, baada ya siku kumi bila mvua. Kama unatiririka, hayo si maji ya mvua. Pandeni nao kuelekea mjini, mfungue kila mfuniko, mtazame bomba linaloingia kutoka kando. Mkilishuku jengo fulani, ombeni wenye nalo ruhusa, mwage gramu 50 za rangi ya chakula nyekundu chooni na ndoo mbili za maji, mtu mwingine asubiri kwenye chemba ya chini. Rangi ikitokea, mmepata jibu bila ugomvi. Pelekeni orodha Tanga UWASA: wenye nyumba waunganishwe na bomba la majitaka pale lilipo, au wachimbiwe mashimo yanayonyonywa. Hatua hii haina picha ya kuzindulia, na ndiyo maana hurukwa. Ikirukwa, watu watakaa kwenye benchi mpya wakiziba pua.

Sambamba na hilo, chukueni sampuli za maji ya bahari: mdomoni mwa mfereji, na mita 50 kila upande. Chupa iliyotakaswa, mtu aingie hadi maji ya kiuno, achote sentimita 30 chini ya uso, chupa iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6. Fanyeni siku kavu na siku inayofuata mvua kubwa. Tofauti ya majibu hayo mawili itawaambia kama uchafu unatoka kwenye mabomba au unasombwa kutoka barabarani, na dawa zake hazifanani.

Ukubwa wa mfereji haukisiwi kwa macho. Chukueni eneo linaloelekeza maji kwake kwa hekta, lizidisheni kwa mvua ya milimita kwa saa, kisha kwa sehemu ya mvua isiyonyonywa na ardhi (mji wenye mabati na lami ni karibu 0.7), mgawanye kwa 360. Mtaa wa hekta 6 kwa mvua ya milimita 80 kwa saa: 6 × 80 × 0.7 ÷ 360, sawa na takriban mita za ujazo 0.93 kwa sekunde. Mfereji wa zege laini wenye upana wa sentimita 80, maji yakifika kina cha sentimita 60, utayapitisha ukiwa na mteremko wa karibu sentimita 6 kwa kila mita 10. Uchimbeni kina cha sentimita 80 ili pabaki nafasi. Mteremko ukiwa mdogo mno, mchanga utatua na kina kitapungua. Kiwango cha mvua cha kutumia waombeni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hiyo 80 ni ya kuanzia hesabu tu.

Kosa kubwa zaidi liko mdomoni. Bamvua ikijaa juu ya kiwango cha mfereji, bahari hupanda ndani, na mvua ikinyesha saa hiyohiyo maji hayana pa kwenda: yanarudi barabarani. Wekeni mlango wa bawaba mdomoni, wa plastiki nzito au chuma cha pua, unaosukumwa wazi na maji ya ndani na kufungwa na ya bahari. Mlango huo una adui mmoja, chupa. Chupa moja ya maji ikibana kwenye bawaba, mlango hubaki wazi na kazi yote imepotea. Kwa hiyo mita 15 hadi 20 nyuma yake jengeni chemba ya kunasa taka: chini yake ipite sakafu ya mfereji kwa sentimita 60 ili mchanga utue, na mbele yake nondo za milimita 16 zilizolazwa kwa mlalo wa nyuzi 45, nafasi ya sentimita 4 kati ya moja na nyingine. Mlalo ni wa lazima. Nondo zilizosimama wima huziba kwa nailoni na majani ndani ya nusu saa, maji hupanda, mtu mwenye hasira huzing'oa kwa nyundo. Mkiwa na nafasi, pembeni mwa chemba acheni bonde la nyasi la kina cha sentimita 40 ambalo maji yatapumzika mlango ukiwa umefungwa. Kila mita 100 za mraba za bonde hilo hushika lita 40,000. Siku za kiangazi ni kiwanja cha watoto.

Waliopo tayari

Ufukwe unaoitwa "umekufa" mara nyingi una watu tangu alfajiri, ila si wale waliomo kwenye mchoro. Kabla ya kuita mkutano, wahesabuni. Watu wawili, daftari, dakika 15 za kila saa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, siku tatu: moja ya kazi, Jumamosi, na siku moja ya bamvua. Siku ya bamvua msiiache, kwa sababu maji yakipwa sana ndipo kina mama wanashuka mwambani kuchokoa pweza na kuokota chaza, na njia yao ya kushukia inaweza kuwa palepale mlipopanga kuweka ukuta. Andikeni anafanya nini, anakaa au anapita, anakaa wapi saa ya jua. Mtashangaa ni wangapi wanaojibana kwenye kivuli cha mti mmoja.

Dikoni ongeeni kwanza na uongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufukwe), kisha na watu wasioingia mikutanoni: wapara samaki, wachukuzi, wakaangaji, fundi anayekalafati (kuziba nyufa za vyombo). Waulizeni vipimo. Ngalawa inahitaji upana gani kupita? Mashua ikipandishwa kutengenezwa inakaa siku ngapi, na inalazwa wapi? Nyavu zinaanikwa wapi? Majibu yao yawe mistari kwenye mchoro kabla mistari mingine haijachorwa. Mteremko wa kupandishia vyombo uwe wa mita 1 kushuka kwa kila mita 8, upana mita 5, na uanze chini ya kiwango cha maji mafu yakipwa, la sivyo vyombo vitakwama matopeni nusu ya siku. Juu yake chorwe mifereji midogo ya sentimita 2 kwa mshazari zege likiwa bichi. Bila hiyo, utelezi wa mwani utavunja watu miguu ndani ya mwaka.

Meza za samaki ziwe na kimo cha sentimita 90, juu yake terazo au vigae visivyo na nyufa, zikilalia upande mmoja sentimita 2 kwa kila mita. Maji ya kuoshea yapite kwenye chujio la magamba kabla ya mfereji. Hesabuni barafu: kwa joto letu, kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki ndicho kipimo salama, kwa hiyo nafasi ya masanduku ya barafu ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Wakaangaji wakae upande ambao moshi wao hauendi kwa watu. Na kwa kuwa kusi na kaskazi hupishana, dohani ya pamoja yenye mita 3 juu ya paa ni bora kuliko kuwahamisha kila msimu.

Wako wanaoamini kwamba wavuvi wakiondolewa ndipo mahali papendeze. Tunapinga kwa nguvu zote. Baltimore huko Marekani walifungua mabanda ya maduka ya Harborplace mwaka 1980, miji mingi ikaiga. Mwaka 2019 mabanda hayo yalikuwa mikononi mwa msimamizi aliyewekwa na mahakama. Karibu na kwetu, Bustani ya Forodhani ya Unguja ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture, na wauza vyakula vya jioni ndio wanaoijaza watu hadi leo. Duka hufungwa biashara ikidorora. Mnada wa samaki, bahari ikiwepo, haufungwi.

Ukingo

Jabali la matumbawe huliwa kwa chini. Mawimbi huchimba mguu wake, juu panabaki pananing'inia, na siku moja hukatika. Wakati wa bamvua kupwa, shukeni mpime kina cha uchimbaji huo kwa utepe. Chukueni kipimo hicho, ongezeni mita 3, na huo uwe umbali wa njia na viti kutoka ukingoni. Kizuizi cha mikono kiwe na kimo cha mita 1.1, nafasi kati ya nguzo zisizidi sentimita 10 ili mtoto asipenye. Kila ufa juu ya jabali au ukuta wa zamani ubandikeni kipande cha kioo chembamba, ncha zote mbili kwa udongo wa sementi, na tarehe iandikwe kando. Kioo kikivunjika, ufa unatembea. Vikagueni kabla ya masika na mwisho wa Mei. Na maji ya mvua yasiachwe kamwe kumwagika juu ya ukingo. Yakusanywe na kushushwa kwa bomba hadi chini, kwani maji yanayopenya kwenye nyufa nayo huvunja jabali.

Kuta za kale za mawe na chokaa zisizibwe kwa sementi. Sementi ni ngumu na haipumui, chumvi na unyevu hujifungia nyuma yake, jiwe hulainika na kuporomoka huku plasta ikiwa nzima. Tumieni chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, sehemu 1 kwa 3 za mchanga wa mto uliooshwa, tabaka jembamba jembamba, likifunikwa na magunia yenye maji kwa siku saba. Tanga ina historia nzito ardhini: reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na Novemba 1914 vita vilipiganwa mjini kuanzia Raskazone. Mkichimba mkakuta mifupa, makombora au msingi usiojulikana, simamisheni. Kombora ni la polisi kabla ya mtu yeyote kuligusa. Mengine ni ya Mambo ya Kale.

Ukuta mpya wa bahari uwe suluhisho la mwisho. Ukuta wima huligeuza wimbi, wimbi huchimba mchanga wa mguuni, mchanga hutoweka, ukuta hubaki kwenye hewa. Tena mahali unapoishia, jirani huanza kuliwa. Penye ulazima, mteremko wa mawe makubwa, mita 1 kwenda juu kwa kila 2 za mlalo, juu ya kitambaa cha kuchuja na tabaka la kokoto, hudumu zaidi na hutengenezeka kwa mikono. Vikapu vya waya vya gebioni, maarufu kwenye mito, baharini huoza haraka. Vile vya kufunikwa plastiki hujikwaruza kwa mawe na kutu huingilia hapo. Ukuta wowote uwe na matundu ya kutolea maji ya milimita 75, kila mita 1.5 hadi 2, kwani kuta nyingi husukumwa na maji ya nyuma yake, wala si bahari.

Penye matope, kinga bora ni mikoko, lakini isipandwe kwa pupa kwa ajili ya picha. Kila mti una kimo chake cha maji: mlilana mbele kabisa, mkoko nyuma yake, mkandaa penye maji machache, mchu hustahimili mbele na nyuma. Tafuteni kwanza kwa nini mikoko haijaota yenyewe. Mara nyingi njia ya maji imezibwa au mbuzi wanapita. Mkiondoa hilo, miche hujileta. Mkipanda mkoko, okoteni mbegu zilizokomaa, zichomekeni theluthi moja topeni, umbali wa mita 1 hadi 1.5. Zisipandwe kwenye majani ya bahari wala chini ya kiwango cha wastani cha bahari. Huko hufunikwa muda mrefu mno, chaza wadogo huzigandama, na mwaka ukiisha hakuna kitu. TFS washirikishwe tangu siku ya kwanza.

Kuhusu zege, mambo manne tu: mchanga wa pwani na maji ya chumvi ni mwiko, maji yasizidi kilo 45 kwa kila kilo 100 za sementi, nondo ifunikwe na zege la sentimita 5 hadi 7.5 kila upande. Limwagiliwe siku saba. Mpimeni mkandarasi kabla hajamimina, kwa rula, kati ya nondo na ubao. Nondo iliyo karibu na uso hupata kutu, kutu huvimba, zege hupasuka kwa ndani.

Kivuli, viti, taa

Mti ni mtambo wa bei nafuu kuliko vyote hapa, ila unataka miaka. Mstari wa kwanza unaopigwa na upepo wa chumvi uwe wa mtondoo na mkungu. Mvinje huvumilia chumvi kuliko yote, lakini chini yake hapaoti nyasi na matawi yake hukatika kwenye kusi, kwa hiyo uwekwe pembezoni. Mwarobaini uje mstari wa pili. Minazi ni mizuri kwa macho, kivuli chake ni haba, na nazi juu ya benchi ni hatari. Mashimo ya mita 1 kila upande, umbali wa mita 8, samadi debe mbili na udongo mwekundu, upandaji mwanzoni mwa masika. Lita 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha miaka miwili ya kwanza, na tenga la miti la mita 1.5 kuzuia mbuzi. Mti usio na mtu aliyepewa jina lake wa kuumwagilia, hesabuni umekufa.

Wakati miti inakua, jengeni mabanda machache ya makuti juu ya nguzo za mkaratusi. Kitako cha benchi kiwe sentimita 45 kutoka chini, kina cha 42, chenye egemeo, kwa sababu wazee ndio wakaaji wakuu na bila egemeo hawakai zaidi ya dakika kumi. Benchi nyingine zitazame bahari, nyingine zitazamane: watu wa Tanga hawaji pwani kunyamaza. Njia kuu iwe mita 3, miteremko ya viti vya magurudumu mita 1 kwa 12.

Taa ziwe za mwanga wa manjano, nguzo za mita 5 kila baada ya mita 20 hadi 25, zikiinamia chini na kuzibwa upande wa bahari. Taa inayomulika majini humpofusha nahodha anayeingia diko usiku. Nguzo ichovywe kwenye zinki ya moto, maana rangi pekee haivuki miaka miwili. Taa za jua ni nzuri kama betri iko ndani ya boksi la kufuli juu ya nguzo na fedha ya kuibadilisha ipo.

Jaribuni kabla ya kujenga

Jumamosi nne mfululizo, kwa kibali cha halmashauri na trafiki, fungeni barabara ya ufukweni kuanzia saa 10 jioni hadi saa 4 usiku. Viti vya plastiki vya kukodi, kamba, chokaa chini kuonyesha njia na vibanda, matangi mawili ya maji, vyoo vya kuhamishika. Waalikeni wauza kahawa na kashata, mihogo, pweza, urojo, madafu. Kila wiki hamisheni kitu kimoja na mhesabu tena. Mahali viti vinapoburutwa na watu wenyewe ndipo benchi ya kudumu inapotakiwa.

Wafanyabiashara watakaobaki wapewe nafasi za mita 2 kwa 2, bomba moja kwa kila vibanda sita, na chemba ya kunasa mafuta ambayo hufunguliwa kila wiki. Mafuta ya kukaangia yakiingia mfereji, huganda pamoja na mchanga na kuwa kama zege. Nafasi zitolewe kwanza kwa waliokuwepo kwenye hesabu ya mwanzo. Vikundi vyao viombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao umegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Vyoo vya wanawake viwe mara mbili ya vya wanaume, karibu na vibanda na penye mwanga. Binti asiyejua ataenda wapi kujisitiri hatakaa hadi usiku, na mama yake vilevile.

Fedha ya matunzo na mkataba

Kabla zabuni haijatangazwa, iwepo akaunti ya matunzo na waweka saini. Ushuru wa vibanda na vyoo uingie humo, usipotelee kwenye mfuko mkuu. Hili lipitishwe na Baraza la Madiwani kwa azimio. Kama kianzio, tengeni kila mwaka asilimia 5 hadi 10 ya gharama ya ujenzi. Ikiwa hesabu haitoshi, punguzeni ujenzi.

Kazi zenyewe zijulikane kwa mtu na siku. Chemba ya taka husafishwa kila baada ya mvua, na kila Jumatatu hata kama haikunyesha. Mlango wa bawaba hufunguliwa kwa mkono kila bamvua. Boliti na vizuizi hukaguliwa kila miezi mitatu. Mchanga wa chemba hutolewa Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Usimwagwe kando ya mfereji, utarudi wiki hiyohiyo.

Mkataba na mkandarasi uzuie sehemu ya malipo hadi kipindi cha uangalizi kiishe, na kipindi hicho kihesabiwe kwa misimu. Kazi ikikabidhiwa Juni na uangalizi ukawa wa miezi sita, mkandarasi ataondoka Desemba bila masika kupita juu ya kazi yake. Andikeni mwaka mzima, na ukaguzi wa mwisho ufanyike mwishoni mwa Mei, saa ya maji kujaa, siku ya bamvua, kioo, utepe na daftari la mistari ya chokaa vikiwa mkononi.